Nyuma ya Picha

Kazi inayoletwa studioni kwangu mara nyingi kuliko nyingine yoyote ni kitambulisho cha marehemu. Mtu amefariki usiku. Asubuhi kijana wa nyumbani anatumwa mjini na kadi ya mpigakura, au leseni ya udereva iliyotolewa chini ya godoro, kwa sababu wamepekua nyumba nzima na hiyo ndiyo picha pekee waliyoipata ambamo marehemu anatazama mbele. Wanataka ikuzwe, iwekwe fremu, iwahi kabla jeneza halijatoka. Wakiwa Waislamu, mazishi yamekwisha pita wakati huo. Wao huomba iwe tayari ifikapo arobaini. Naiskani, naikuza, kisha naanza kufuta. Muhuri umempita shavuni. Namba zimemlalia begani. Taa ya ofisini imekula vivuli vyote vya uso, hata pua haijulikani ilipoanzia.

Halafu huja maombi. Mama mmoja alinishika mkono akaniambia, "Mwanangu, mvalishe koti. Alikuwa anapenda makoti, ila hakuwahi kulipata." Nikamvalisha mumewe koti, nililolikata kutoka kwenye picha ya bwana harusi niliyempiga mwenyewe. Nikalipunguza mabega, nikalitia kivuli upande wa kushoto ili lipatane na mwanga wa uso. Mama akaitazama kwa muda mrefu. "Ndiye," akasema, akafungua pindo la kanga na kunihesabia noti.

Vijana wanaokuja kwangu kujifunza kazi huniuliza ni nini kinachonipa hamu ya kuendelea kupiga picha. Hungoja nitaje bahari, machweo, ngalawa zikirudi na samaki. Hayo nayapenda, nimeyapiga sana, na kalenda zake zimenisaidia kulipa kodi ya chumba. Lakini kinachonifanya niinue kamera ni mzee yule wa koti. Aliishi maisha marefu, akalima, akazaa, akaozesha, akasuluhisha ugomvi wa mtaa mzima, na katika umri wote huo aliyemtazama kupitia lenzi ni karani mwenye foleni ya watu mpaka mlangoni. Hapo pana kitu kilichopotea ambacho ufundi wangu wa kompyuta hauwezi kukirudisha. Koti naweza kumpa. Namna alivyokuwa akicheka mjukuu akimkalia magotini siwezi, kwa kuwa hapakuwa na mtu aliyekuwepo kuichukua.

Uzuri hupendeza na kulisha familia. Hasara ndiyo inayotuharakisha. Kila picha niliyoipiga ambayo bado naionea fahari niliipiga nikijua kwamba nilichokuwa nikikitazama kilikuwa njiani kuondoka: jahazi la mwisho kutengenezwa na fundi fulani kabla macho yake hayajazimika, nyumba ya ghorofa ya miti na chokaa wiki moja kabla ya kubomolewa, bibi akimsuka mjukuu kwa mikono iliyoanza kutetemeka. Mahali penye uzuri usio na hatari yoyote mimi huwa mvivu.

Wapiga picha wa studio waliotutangulia katika pwani hii walilijua jambo hili ingawa sidhani kama walikaa kulisemea. Ranchhod Oza alifungua Capital Art Studio katika Mji Mkongwe wa Zanzibar mwaka 1930. Wakapita mbele ya kamera yake watu wa kasri na watu wa vichochoroni, maharusi, watoto waliovalishwa kwa Idi, wanaume walioegemea meza ndogo yenye ua la bandia. Mwanawe, Rohit Oza, akaishika kazi baada yake. Ukizitazama picha za kabla ya Mapinduzi ya Januari 1964 unautazama mji ambao wengi wa waliomo waliuawa, au walikimbilia Oman, Uingereza na bara, au walibaki lakini hawakuzungumzia tena miaka ile. Wao waliingia studioni kwa ajili ya sikukuu tu. Hakuna aliyejua kwamba anaacha ushahidi.

Na Lamu alikuwepo Omar Said Bakor, aliyejifundisha mwenyewe kazi ya studio. Kabla kompyuta hazijafikiriwa, yeye alikuwa akikata picha kwa mkono na kuziunganisha upya, akimweka mteja mahali ambapo mteja hakuwahi kufika. Nikimvalisha marehemu koti huwa namkumbuka. Watu wengine huona kazi kama ile ni udanganyifu. Mimi naona ni heshima: mtu amekosa jambo maishani, na mtu mwingine mwenye mkasi na gundi amekubali kumpa, hata kama ni kwenye karatasi.

Nimesoma maisha ya wapiga picha wengi nikitafuta kilichowasukuma, na mmoja ninamrudia kila mwaka. Priya Ramrakha alizaliwa Nairobi mwaka 1935, katika ukoo wa magazeti. Mzee wa ukoo huo, Girdhari Lal Vidyarthi, alianzisha Colonial Times mwaka 1933, gazeti lililowaudhi wakoloni hata wakamtia jela kwa uchochezi. Ni yeye pia aliyechapisha Jicho, gazeti la Kiswahili. Kijana Priya alikuwa na umri wa miaka 17 hivi Hali ya Hatari ilipotangazwa Oktoba 1952. Akakua akiiona nchi yake ikipigwa picha na watu waliokwisha amua kabla ya kubonyeza kitufe kwamba Mwafrika ni mtuhumiwa na Mhindi ni mwenye duka. Alichokitaka yeye kilikuwa rahisi kukieleza na kigumu kukifanya: watu aliowafahamu waonekane kama alivyowafahamu.

Eliot Elisofon, mpiga picha wa jarida la Life, alimsaidia kwenda kusoma Los Angeles. Kule Marekani alimpiga picha Martin Luther King, akampiga Malcolm X. Uhuru ulipokaribia Kenya, akarudi nyumbani. Akawa miongoni mwa Waafrika wa kwanza kufanya kazi kwa majarida ya Time na Life, na kazi hiyo ikampeleka kwenye kila moto uliowaka: Zanzibar, Kongo, Aden, kisha Nigeria katika vita vya Biafra. Tarehe 2 Oktoba 1968, karibu na Owerri, alikuwa akitembea na askari wa serikali ya Nigeria waliposhambuliwa kwa kuviziwa. Mwandishi wa televisheni Morley Safer alikuwa naye katika safari ile. Risasi ikampata Priya Ramrakha, akafa akiwa na umri wa miaka 33.

Baada ya hapo likaja jambo linaloniuma kuliko kifo chenyewe. Alisahauliwa. Picha zake zilikuwa zimechapishwa duniani kote, lakini gazeti husomwa leo na kesho likafungiwa karanga. Kwa miongo kadhaa jina lake lilikuwa nadra kutajwa hata katika mazungumzo ya wapiga picha wa Nairobi, mpaka Shravan Vidyarthi, kijana wa ukoo wake, alipoanza kumtafuta. Akakuta maboksi ya picha na negativu yamewekwa katika gereji ya nyumba Nairobi. Kutokana na maboksi hayo ikapatikana filamu, yakapatikana maonyesho, na mwaka 2018 kikatoka kitabu kikubwa cha picha zake.

Gereji. Mtu asiyeifahamu kazi hii anaweza kulipita neno hilo. Mimi nikilisoma natamani kukaa chini. Negativu ni plastiki iliyopakwa utando mwembamba wa jelatini, na jelatini hutokana na mifupa na ngozi za wanyama. Ndani ya utando huo zimo chembe za fedha, fedha ile ile ya bangili na mikufu, na chembe hizo ndizo zinazoshika umbo la mtu. Kwa hiyo ukungu hula picha, mende hula picha, maji huivimbisha. Plastiki ya asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kutoa harufu ya siki, hujikunja, utando ukabanduka. Na ukishaisikia harufu hiyo hakuna dawa ya kuirudisha ilivyokuwa, kinachobaki ni kuiwahi kwa skana. Picha za rangi zina maradhi yake. Nyingi zilizosafishwa miaka ya 1970 leo zimegeuka nyekundu, kwa kuwa rangi ya samawati ndiyo iliyotangulia kufa. Nairobi ina baridi ya kuzisaidia. Tanga kwangu, au Mombasa, au Unguja, maboksi kama yale yasingedumu.

Nawaza watu walioyahamisha maboksi hayo kutoka chumba hadi chumba kwa miaka yote hiyo. Kila nyumba ina siku ya kutupa vitu. Mtu anasema mbona haya makaratasi yanatujazia nafasi, na mwingine anajibu, yaache, ni ya marehemu. Uhai wa kazi nzima ya Priya Ramrakha ulitegemea jibu kama hilo. Naliheshimu kama ninavyoiheshimu kazi yenyewe.

Karibu miaka 25 baada ya Owerri, tarehe 12 Julai 1993, hasara iliwaita wengine kwa namna ya moja kwa moja kabisa. Helikopta za jeshi zilikuwa zimeishambulia nyumba moja Mogadishu ambamo watu wa Jenerali Aidid, kiongozi wa wanamgambo wa Somalia, walikuwa kwenye mkutano. Waandishi wakaitwa waende wakaone na kupiga picha za waliouawa. Walipofika, umati uliokuwa na uchungu wa wafu wake ukawageukia wao. Wakauawa Hos Maina na Anthony Macharia, Wakenya. Dan Eldon aliyekulia Nairobi, akiwa na miaka 22. Na Hansi Krauss, Mjerumani. Walikwenda kuutunza msiba wa watu wengine wakawa msiba wa nyumba zao.

Mpiga picha Mohamed Amin anajulikana zaidi, hivyo nitasema yale tu yanayonihusu. Alizaliwa Nairobi mwaka 1943 na kukulia Dar es Salaam, ambako alianza na kamera ya Box Brownie ya mitumba akiwa bado mwanafunzi, na ambako mwaka 1963 alianzisha kampuni yake ya Camerapix. Mapinduzi ya Zanzibar yalimkuta kijana wa miaka ishirini, naye akavuka bahari kuyafuata. Dunia ilimfahamu Oktoba 1984, picha zake za njaa ya Ethiopia, alizozichukua Korem pamoja na mtangazaji Michael Buerk, ziliporushwa na BBC. Zilizaa nyimbo za kuchangisha fedha, zikazaa tamasha kubwa la Julai 1985, zikazaa malori ya nafaka. Watu wako hai leo kwa sababu mtu mmoja alielekeza lenzi mahali ambapo serikali zilikuwa zimegeuza uso.

Nalisema hilo kwanza kwa kuwa ni kweli, na kwa kuwa ninalotaka kulisema baada yake si dogo. Nikizitazama picha za Korem naona maelfu ya watu wamejifunga shuka katika ubaridi wa alfajiri, na simjui hata mmoja kwa jina. Wengi walizikwa uwandani. Wengine picha ile ndiyo ya kwanza na ya mwisho kupigwa. Wameonekana na ulimwengu wote na bado hakuna mjukuu anayeweza kuinyooshea kidole akasema huyu ni babu. Huo ni upotevu wa aina yake: uso umebaki, mtu ameondoka.

Katika miezi ile ile, watu wa televisheni kutoka Kanada walimpiga picha msichana mdogo wa Tigray ambaye muuguzi alikuwa amekwisha kumkatia tamaa. Baba yake alikuwa akijiandaa kumzika. Picha yake ikaonyeshwa kwenye tamasha la 1985, na watu duniani wakamlilia wakiamini wanamtazama maiti. Mtoto hakufa. Jina lake ni Birhan Woldu. Akakua, akasomea kilimo, na Julai 2005 akasimama jukwaani London mbele ya umati. Siwezi kueleza vizuri jinsi habari hiyo inavyonigusa. Kama jina lake lisingeandikwa mahali, kama waandishi wale wasingerudi kuuliza yule mtoto ni nani na wa kwa nani, angekuwa ni sura ya njaa mpaka leo, na yeye mwenyewe yuko hai, anakula, anacheka, hana habari.

Mwezi Juni 1991 ghala la silaha lililipuka Addis Ababa. John Mathai, Mkenya aliyekuwa akirekodi sauti pamoja na Mohamed Amin, aliuawa palepale. Amin mwenyewe akakatika mkono wa kushoto. Akatengenezewa wa bandia, akarudi kwenye kamera. Novemba 23, 1996, alikuwa anarudi Nairobi kutoka Addis Ababa kwa ndege ya Ethiopia iliyotekwa na vijana watatu waliotaka kupelekwa Australia. Mafuta yakaisha, ndege ikaanguka baharini mbele ya ufukwe wa Ngazidja, visiwani Komoro. Kati ya watu 175, 125 walikufa, Amin akiwamo, pamoja na Brian Tetley, mwandishi aliyeshirikiana naye vitabu vingi. Ufukweni walikuwepo watu waliokuja mapumzikoni, na mmoja wao alikuwa ameshika kamera ya video. Ndiyo maana kifo cha Mohamed Amin kimo kwenye kanda. Bawa linagusa maji, ndege inavunjika. Nimeiona mara moja, na sitaki kuiona tena. Yule mgeni hakujua kwamba ndani ya ndege ile yumo mtu ambaye, kama angekuwa ufukweni, angekuwa anafanya anachokifanya yeye.

Na mimi ninao msiba wangu, usioandikwa magazetini. Dada yangu mkubwa alifariki nikiwa darasa la nne. Homa ilimchukua siku chache tu. Nyumbani kwetu hapakuwa na kamera, na mpiga picha wa mtaa aliitwa kwa harusi peke yake, kwa kuwa kila picha ilikuwa na gharama ya mkanda na ya kusafisha. Basi picha ya dada ni moja, nayo si yake. Ni ya harusi ya shangazi. Katikati wamekaa maharusi, pembeni wamesimama wazee, mbele wamechuchumaa watoto, mimi nikiwa mmojawapo na shati limefungwa vifungo mpaka shingoni. Upande wa kushoto, pale karatasi inapokatikia, mkono unaingia kutoka nje na kunishika bega. Una hina mpaka kwenye kifundo. Huo ni mkono wa dada yangu. Alikuwa ananizuia nisitikisike, na uso wake ulibaki nje ya picha.

Mama aliiweka picha hiyo kabatini miaka yote ya maisha yake. Mgeni akija aliitoa, akamwonyesha: huyu hapa mwanangu. Wageni waliinamisha kichwa kwa adabu wakautazama mkono.

Shangazi, Mungu amrehemu, alikuwa mwanamke mwenye utaratibu. Nyuma ya picha alikuwa ameandika kwa penseli majina ya wote, mstari kwa mstari, kutoka kulia kwenda kushoto kama alivyozoea kusoma chuoni. Alipomaliza waliosimama na waliochuchumaa akaandika jina la dada, na mbele yake neno moja: mkono. Alifanya hivyo dada akiwa hai, bila kujua litakalokuja. Aliona tu kwamba yumo, naye aliyemo huandikwa. Leo mama hayupo, shangazi hayupo, na wajukuu wasingekuwa na njia ya kujua kwamba ule mkono ni wa mtu wao, aliyependa kuimba akifua na aliyeogopa paka. Penseli ya shangazi imefanya kazi ambayo lenzi haikuifanya.

Kazi yangu yote imetoka kwenye ukingo wa picha hiyo. Ninapopewa harusi, napiga yale niliyolipwa kuyapiga: pete, keki, mavazi, wazazi wakilia. Kisha naligeuza jicho pembeni. Namtafuta anayekoroga sufuria nyuma ya nyumba na moshi umemfumbisha macho. Namtafuta dada wa bibi harusi aliyeshika mikoba ya wote, na mtoto aliyelala juu ya mkeka katikati ya kelele, na babu aliyekaa na redio yake kana kwamba hakuna sherehe. Wateja wengine hushangaa wakizikuta kwenye albamu. Wamewahi kuniambia hawa hatukuwaagiza. Mwaka unapita, au mitano, na simu inaingia: "Kaka, ile picha ya bibi jikoni bado unayo? Bibi ametutoka." Huwa ninayo.

Hili ndilo ninalowafundisha vijana, na huwa halipokelewi vizuri siku ya kwanza. Wanataka tuzungumzie lenzi gani, mwanga gani, programu gani. Tunayazungumza, kwa kuwa ufundi una haki yake, na picha ya mapenzi iliyopigwa ovyo nayo ni hasara. Ila nawaambia ubunifu hauwezi kuazimwa kwenye picha za watu wengine. Kaa na kile ulichokipoteza. Mwenye kupoteza kijiji kwa bwawa atakuwa na jicho la maji na la mizizi. Mwenye kupoteza baba aliyekuwa dereva wa lori ataiona barabara kwa namna ambayo mimi sitaiona kamwe. Aliyekulia mbali na lugha ya mama yake atapiga midomo ya watu wanaozungumza. Hakuna sababu ya kuiga cha mwenzako. Kila mtu amekwisha kufiwa na kitu.

Nao watanijibu kwamba siku hizi hakuna kinachopotea, kila mtu ana kamera mfukoni. Hapo ndipo ninapohofia zaidi. Sijapata kuona wakati ambapo picha zinakufa kwa wingi kama sasa. Mara ngapi nimeletewa simu ya marehemu imefungwa kwa namba ya siri ambayo aliondoka nayo. Ndani yake zimo picha elfu na elfu, sauti za watoto, video za shambani, na familia imekaa kwenye benchi la studio yangu inanitazama kana kwamba nina ufunguo. Sina. Simu nyingine imeanguka kwenye maji, nyingine imeibwa stendi, nyingine imebadilishwa kwa mpya na ya zamani ikauzwa pamoja na kila kilichokuwemo. Boksi la gereji lilihitaji mtu mmoja wa kusema liache. Simu haipewi hata nafasi hiyo.

Na hata zile zinazookoka hazina majina. Fungua albamu ya nyumbani kwenu, ya miaka ya 1960 au 1980, uone. Huyu mwanamke mwenye mtandio na saa ya mkono ni nani? Mama atasema nadhani ni rafiki yake bibi. Mjomba atasema hapana, huyo ni wa Pangani, alikuja kwa msiba. Wote wawili watanyamaza. Wiki hiyo hiyo mwanamke yule amekufa mara ya pili, na uso wake bado unang'aa kwenye karatasi.

Kwa hiyo ninakuomba, msomaji, ufanye jambo dogo wiki hii. Tafuta penseli laini. Kalamu ya wino iache, wino hupenya karatasi na kutokeza upande wa uso. Ilaze picha kifudifudi juu ya kitu kigumu kilicho safi. Andika polepole, bila kukandamiza, karibu na ukingo: jina la kila aliyemo, mahali, mwaka hata kama ni wa kukadiria, na jina la aliyepiga ukilijua. Aliyeonekana bega tu mwandike pia. Zile za kwenye simu chagua chache kila mwaka, zisafishe kwenye karatasi, nazo uziandike vivyo hivyo. Zitunze mahali pakavu, mbali na jiko na mbali na ukuta unaovuja. Na kama nyumbani kwako bado yupo mzee anayewafahamu watu wa kwenye albamu, mkalie karibu leo jioni, umpe picha moja moja mkononi, umuulize, uandike anachokwambia.